Maji ya Mkono wa Bibi

Mahali pa leso, kwenye mfuko wa kifuani wa koti lake, Živadin aliweka soksi za mtoto. Pea moja, kavu, imekunjwa moja ndani ya nyingine mpaka ikawa kama nyanya ndogo. Alianza tabia hiyo ujanani na hakuiacha hata siku moja. Alikwenda nazo harusini, alikwenda nazo kanisani, alikwenda nazo posta kuchukua pensheni. Siku ya kumzika mkewe, padri akiwa katikati ya sala, machozi yalimzidi. Akaingiza mkono mfukoni bila kutazama, akapenga kamasi kwa soksi ya njano yenye picha ya bata. Waombolezaji wakainamisha vichwa. Mabega yalitikisika safu nzima, na hadi leo hakuna ajuaye nani alikuwa analia na nani alikuwa anajizuia kucheka.

Ukimuuliza ni za nini, alijibu maneno mawili tu: "Za dharura."

Rumena, mpwa wake, alizijua soksi hizo tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Kila alipolala kifuani mwa mjomba wake, shavu lake liligusa kitu laini mahali ambapo wanaume wengine waliweka kalamu au miwani. Sasa alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwalimu mkuu wa chekechea ndogo kando ya mto Timok, hana mume, hana mtoto, ana cheti cha chuo cha Niš na kichwa kinachouma kila jioni kwa makelele ya watoto wa wenzake. Mjomba wake alikuwa amestaafu. Walikunywa kahawa pamoja kila Jumapili, na mara nyingi hawakusema kitu, na wote wawili waliona kuwa hayo ndiyo mazungumzo mazuri.

Živadin alikuwa mhandisi wa maji. Alisoma Belgrade zama zile nchi ilipokuwa ikijenga mabwawa, na kila kijana darasani aliamini kwamba mahali fulani kuna bwawa linamsubiri. Alipomaliza, mabwawa yalikuwa yameshapata wenyewe. Yeye alipewa kiwanda cha vichezeo. Basi akachukua yote aliyofundishwa kuhusu mito, malango ya maji na magurudumu, akayapunguza mpaka yakamfikia mtoto wa miaka mitatu kiunoni. Alibuni meza zenye mifereji ya mbao. Alibuni vinu vidogo vinavyozungushwa na maji, malango ya kuinua kwa kamba, na vindoo vya bati ambavyo vikijaa vinapinduka vyenyewe na kummwagia aliyesimama chini. Hivyo vindoo ndivyo alivyovipenda kuliko vyote. Aliamini kabisa kwamba mtoto hujifunza mambo mawili makubwa kwa ndoo inayopinduka: kwamba kila kitu kina kiasi chake cha kujaa, na kwamba ukisimama mahali pabaya usimtafute wa kumlaumu.

Vichezeo hivyo vilipakiwa kwenye malori na kupelekwa kaskazini, Austria na Sweden. Picha zilirudi: watoto wenye nywele nyeupe, nusu uchi, wamelowa chapachapa, wanacheka, na nyuma yao mama zao wamekaa kwenye majani wanasoma magazeti. Živadin alizitazama picha hizo kama mtu anavyotazama picha za mwezini.

Maana mjini kwake hakuna aliyenunua hata kimoja. Si kwamba watu hawakuvipenda. Vile vyenye kasoro kiwanda kiliwagawia wafanyakazi bure, na karibu kila ua ulikuwa nacho. Lakini ukichungulia ua wa kwanza, bata wanakunywa kwenye mifereji. Ua wa pili, kimejazwa pilipili nyekundu zinazooshwa kabla ya kupikwa ajvar, rojo la kupaka mkate. Ua wa tatu, tikiti maji limewekwa chini ya kile kindoo, na mwenye nyumba anasifu kwa moyo mweupe: "Jirani, hiki kitu chako kiboko. Tikiti linatoka baridi kuliko la friji!" Watoto je? Watoto wako ndani, wamevishwa sweta, wameketishwa mbali na dirisha.

Kwa sababu mji ule ulikuwa na akina bibi, na akina bibi walijua kinachoua watoto. Si magari, wala si umeme. Ni mwili mbichi na upepo wa kupita. Upepo wa kupita ni ule unaoingia mlangoni na kutokea dirishani; ukimkuta mtu njiani, hasa mwenye nywele mbichi, unamwingia shingoni, unashuka kwenye mapafu, na kesho yake anatafutiwa nguo za kuzikwa nazo. Kila mtu alikuwa na shangazi yake aliyekufa hivyo. Haikufaa pia kukaa juu ya jiwe au zege, hususan kwa msichana, kwani baridi hupanda na kugandisha mayai ya uzazi. Na mtoto akitoka jasho, abadilishwe singlendi papo hapo. Kama singlendi hakuna, achomekewe taulo mgongoni.

Daktari wa mji alikuwa amesomea kinyume cha haya yote. Akiwa nyumbani kwake, alifunga dirisha.

Mkuu wa akina bibi alikuwa Stamena, dada mkubwa wa Živadin, ambaye kwa Rumena alikuwa Mama Mkubwa. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, aliyelea watoto watatu na wajukuu watano na hajawahi kumruhusu hata mmoja wao apige chafya mara mbili. Mjukuu wake wa mwisho, Vukan, mwenye miaka minne, alikuwa katika chekechea ya Rumena. Alifika kila asubuhi amefungwa nguo tabaka kwa tabaka kama kitunguu.

Kiwanda kilipofungwa, Živadin alileta nyumbani vifaa vyake na kuvipanga bandani. Kwa muda mrefu hakugusa hata patasi. Ndipo Jumapili moja ya Aprili Rumena alipovunja ukimya wao.

"Mjomba, ua wa shule yangu ni mkavu kama meza ya ofisi. Nijengee kimoja."

Živadin aliweka kikombe chini. "Wataniua."

"Nani?"

"Unamjua."

"Mwalimu mkuu pale ni mimi."

"Wewe ni mwalimu mkuu, sawa," alisema. "Lakini yeye ni Stamena."

Kahawa ikapoa. Halafu mzee akaanza kuongea, taratibu, macho yakiwa kwenye masimbi ya kahawa kikombeni.

"Nilipokuwa kijana nilitaka bwawa. Sasa bwawa sitaki. Nataka nimwone mtoto mmoja wa hapa, mmoja tu, anayesema lugha yangu, amelowa mpaka kwapani kwa kitu nilichobuni mimi, anacheka, na hakuna mtu anayepiga kelele. Basi. Baada ya hapo mnaweza kunizika."

"Na soksi zako?"

"Na soksi zangu."

Rumena aliitisha mkutano wa wazazi. Wazazi walikuwa kazini, kwa hiyo walikuja akina bibi, kama kawaida. Alieleza kwa utulivu aliofundishwa chuoni: faida za maji kwa vidole vya mtoto, kwa lugha yake, kwa subira yake. Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, Stamena akainuka.

"Rumena, mwanangu, umesema vizuri sana. Umesoma, tunajivunia. Lakini wewe si ndiye uliyekuwa unakaa kwenye ngazi za zege huko Niš, na kitabu mapajani? Nilikuonya. Ona sasa." Akatazama tumbo la mpwa wake kwa huruma ya kweli, na akina bibi wengine nao wakalitazama.

Rumena alikuwa ameshasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba hayakumchoma tena. Yalimbonyeza tu, kama kiatu kilekile mahali palepale.

Mwishowe waliafikiana. Živadin ajenge, kwa kuwa ni ndugu na ana upweke. Lakini ifikapo Sikukuu ya Petro, katikati ya Julai, kama akina bibi hawajaridhika wote, kitu hicho king'olewe, na mbao zake zitumike vuli kuchomea pilipili.

"Mbao za mwaloni," alinong'ona Bibi Grozda kwa jirani yake. "Zinatoa moto mzuri."

*

Mtu mwingine angejenga tu na kuomba Mungu. Živadin alikuwa mhandisi. Alikaa chini akaliangalia tatizo. Tatizo, kwa maoni yake, lilikuwa ngozi. Maji yasipogusa ngozi, hakuna kulowa, na pasipo kulowa hakuna bibi wa kulalamika.

Kwa hiyo mtambo wa kwanza ulikuwa kasha kubwa lenye maji, mifereji na vinu ndani, limefunikwa juu kwa kioo, na ubavuni limetobolewa matundu yaliyofungiwa mikono mirefu ya mpira. Mtoto alitakiwa kuingiza mikono yake kwenye ile ya mpira na kucheza, yeye yuko nje, maji yako ndani.

Siku ya kufungua, watoto sita walipangwa kulizunguka kasha, mikono imezama mpaka mabegani, wametulia kama madaktari wanaopasua mgonjwa. Akina bibi walisimama nyuma yao wameridhika kabisa.

"Babu," alisema Vukan, "maji yako wapi?"

"Si hayo unayashika?"

"Siyasikii."

"Na huo ndio uzuri wake!" akadakia Stamena.

Vukan akafikiri. Halafu akauliza kama anaweza kwenda kutazama mchwa. Mmoja mmoja wote wakachomoa mikono wakaenda kutazama mchwa, na kasha likabaki peke yake na mikono yake kumi na miwili ya mpira inayoning'inia.

Živadin alilivunja jioni ileile. "Nimebuni hospitali," alimwambia Rumena. "Tena hospitali mbaya."

Basi kama si ngozi, aliwaza, ni upepo. Upepo ukizuiwa, maji pekee yana hatia gani? Akaenda kwa mtu aliyekuwa akibomoa banda lake la vioo la kuoteshea nyanya, akaomba vioo vyote. Mtambo wa pili ulikuwa meza ya wazi yenye mifereji na vindoo vyake anavyovipenda, imezungukwa kuta za kioo juu kupita kichwa cha mtu, mlango mmoja tu, dirisha hakuna. Upepo haukuwa na pa kuingilia wala pa kutokea. Stamena mwenyewe alikuja na mshumaa, akauwasha ndani, akautazama mwali umesimama wima kama askari. Akatikisa kichwa, akauzima.

Lakini lilikuwa juma la kwanza la Juni, na jua halikuwa limehudhuria mkutano wowote. Kabla watoto hawajagusa maji, nyuso zao zilikuwa nyekundu kama zile nyanya zilizotangulia kukaa kwenye vioo hivyo.

"Jasho!" alipiga kelele Bibi Grozda. "Wanatoka jasho!"

Akina bibi wakavamia. Ndani ya chumba cha kioo, mbele ya mtaa mzima uliokuwa ukipita na kuchungulia, singlendi zilivuliwa, singlendi zilivishwa, mtoto aliyevishwa kavu akatoka jasho upya kabla ya mwenzake kumalizika, ikabidi waanze mwanzo. Mjukuu wa Bibi Grozda akavishwa singlendi ya Vukan, Vukan akavishwa ya msichana, ikazuka vita nyingine. Mpeleka barua alisimamisha baiskeli yake akaangalia kwa muda mrefu.

"Ni kichezeo cha nini hiki?" alimuuliza Rumena.

"Cha maji."

"Mbona sioni maji?"

*

Jioni hiyo Živadin na dada yake waligombana uani kwa Stamena, na Rumena aliketi katikati yao akishikilia sahani ya burek, mkate wa tabaka wenye nyama, ambayo hakuna aliyeigusa.

"Sikiliza, Stamena. Mtoto akipata homa, wewe unafanya nini?"

"Nafanya kama alivyofanya mama. Nalowesha soksi kwa pombe, kwa rakija kali, namvisha, namfunika."

"Unamlowesha miguu!"

"Kwa rakija."

"Zimelowa!"

"Rakija siyo maji, Živadin. Mtu aliyesoma Belgrade hajui tofauti ya maji na rakija?"

"Nimewabunia watoto maji maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyekufa!"

"Wapi? Sweden?" Stamena alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Wale wana damu ya samaki. Mtoto wao unamtupa kwenye theluji anaamka amenenepa. Umewabunia samaki, ndugu yangu. Wetu ni watoto."

Živadin aligusa mfuko wa kifuani, kama anayehakikisha kitu bado kipo, akanyanyuka akaenda zake bila kuaga. Rumena alimwona mlangoni, mgongo umepinda kidogo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mjomba wake ni mzee. Aliwaza juu ya zile picha za kaskazini, watoto wasiojua jina lake wakicheka kwenye maji yake, na jinsi mtu anavyoweza kufurahisha dunia nzima isipokuwa mtaa wake. Halafu akala burek, kwa sababu ilikuwa inapoa.

*

Kilichookoa jambo lile kilikuwa mazulia.

Kila mwaka kiangazi kinapoanza, wanawake wa mji ule hutoa mazulia yao ya sufu, huyatandaza uani na kuyasugua kwa brashi na sabuni. Živadin alipita kwa dada yake siku hiyo akiwa na nia ya kuomba radhi, na alikuwa amemchukua Rumena ili radhi hiyo iwe na shahidi. Walimkuta Stamena miguu mitupu, sketi imechomekwa kiunoni, amelowa mpaka mapajani, anapiga pampu ya kisima kwa mkono mmoja na kusugua kwa mwingine. Maji ya kisima kile yalikuwa ya kuuma meno. Upepo wa mtoni ulikuwa unavuma moja kwa moja kupitia uani, mlango mpaka mlango.

Na karibu yake, juu ya zulia, alisimama Vukan. Hana sweta. Singlendi imemgandama mwilini. Maji yanamtiririka puani. Mkononi ana brashi kubwa kuliko uso wake, anasugua ua lililofumwa, na kila bibi yake alipopiga pampu, yeye alipiga yowe la furaha.

Živadin alisimama kama aliyepigwa.

"Stamena," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto amelowa."

"Naona, sina macho? Si nimemlowesha mimi?"

"Na upepo?"

"Upepo gani? Niko naye hapa."

"Kwa hiyo hatapata homa?"

Stamena akaacha kusugua, akamtazama ndugu yake kama mtu anayetazama kichaa anayemwonea huruma. "Atapataje homa," alisema, "na maji nimemmwagia mimi?"

Rumena alimtazama mjomba wake. Usoni mwake kulikuwa kunapita jambo, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kindoo. Hakuomba radhi. Aligeuka akaondoka, mara hii kwa hatua za haraka, na njiani alikuwa akijisemea: "Siyo ngozi. Siyo upepo. Ni mkono. Ni nani ameshika mpini! Mimi mjinga, mimi punda, pensheni yangu initokee puani."

Siku chache kabla ya Sikukuu ya Petro, vioo vilikuwa vimeondolewa vyote. Uani mwa shule palisimama meza ndefu ya mwaloni, mifereji, vinu, malango, na safu ya vindoo vya bati vikiangalia jua. Hapakuwa na bomba la kufungua. Hapakuwa na kitu cha kuwasha. Mwisho wa meza kulikuwa na benchi pana lenye egemeo, limetandikwa ngozi ya kondoo ili lisigandishe chochote cha mtu yeyote, na pembeni mwa benchi mpini mrefu wa pampu, uliosuguliwa ukawa laini kama kijiko cha zamani.

Akina bibi walikuja wote kuhukumu. Bibi Grozda alikuwa tayari amekuja na kamba ya kufungia mbao.

"Mabibi zangu," alisema Živadin, "mtambo huu hauna maji. Maji yanakuja akikaa bibi hapo na kuyapiga. Akitaka kidogo, kidogo. Akitaka yasije, hayaji. Mimi sitagusa. Mwalimu hatagusa. Mtoto mkono haufiki. Mpini ni wenu."

Akina bibi wakatazamana. Stamena alilizunguka benchi, akabonyeza ngozi ya kondoo, akanusa, akaketi kwa uangalifu, kama anayekaa kwenye gari la mtu mwingine. Akashika mpini.

"Vukan, njoo. Simama mbali. Mbali zaidi. Haya."

Akapiga mara moja. Maji yakatoka kiasi cha kikombe cha kahawa, yakaserereka mferejini, yakazungusha kinu cha kwanza nusu duara, yakaisha.

Vukan akakiangalia kinu. Akamwangalia bibi yake.

"Tena!"

Stamena akapiga tena. Kinu kikazunguka chote. Vukan akainua lango, akalishusha, akasogea hatua, akachovya kidole. Akina bibi wote walivuta pumzi. Stamena alikuwa anaangalia kinu, na mdomo wake ulikuwa umejikunja kwa namna ambayo Rumena hakuwahi kuiona.

"Bibi, kile cha mwisho hakizunguki! Nguvu!"

"Nguvu?" alisema Stamena. "Unaniambia *mimi* nguvu?"

Akakunja mikono ya blauzi. Akapiga kama siku ya mazulia. Maji yakapanda mifereji yote, vinu vikapigana kelele, vindoo vikaanza kujaa, cha kwanza, cha pili, na cha tatu kikainama polepole kama mzee anayesalimia, kikapinduka, chote, juu ya kichwa cha Vukan.

Mtoto alisimama, mdomo wazi, maji yanamwingia singlendi na kutokea kwenye suruali. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na watoto wengine hawakusubiri ruhusa ya mtu.

"Wa kwangu hajapata!" alipaza sauti Bibi Grozda, akitupa kamba yake chini. "Stamena, toka hapo, zamu yangu!"

"Ndio kwanza nimekaa!"

"Wako amelowa mpaka kwapani, wangu amelowa ukucha! Huo ni upendeleo!"

"Wako kasimama vibaya, mfundishe kusimama!"

"Sogea, nasema! Miguu yako mirefu inanizuia!"

Živadin alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkono kifuani. Rumena akamkaribia.

"Mjomba, umemwona?"

"Nimemwona. Lakini nilisema asiwepo mtu wa kupiga kelele."

"Hizo si kelele. Wanapanga zamu."

Alitoa zile soksi, akamwendea Vukan, akataka kumvua viatu vilivyolowa. Stamena akapiga yowe kutoka kwenye benchi, "Mwache, bado hajamaliza!" na mzee akazirudisha mfukoni, akicheka na kupangusa macho kwa kiganja.

Kura ya Sikukuu ya Petro haikupigwa kamwe, kwa sababu siku hiyo hapakupatikana bibi wa kuacha nafasi yake benchini ili akapige kura. Kabla ya Agosti, uzio wa shule ulikuwa umefungwa waya wa umeme kutoka dirisha la jikoni, na juu yake vimening'inizwa vikaushio vya nywele, kila bibi na chake. Mtoto akitoka majini alipitishwa kwenye vikaushio hivyo kama pilipili kwenye moto, akabadilishwa singlendi, akachomekewa taulo mgongoni, akapewa tonge la mkate na ajvar, akarudishwa majini. Mafua hayakutokea. Yaani yalitokea, ila sasa yalisababishwa na shule za watu wengine.

*

Miaka ilikwenda. Vukan akawa mkubwa wa kuona aibu. Meza ya mwaloni ikageuka kijivu, mpini ukabadilishwa mara mbili kwa kuchakaa. Živadin alikuja kila kiangazi, akakaa kwenye kiti chake, koti limevaliwa, soksi mfukoni. Kila kindoo kilipoinama aliinama nacho kidogo, bila kujua.

Mwezi mmoja wa Novemba akalazwa hospitali kwa mapafu. Stamena alitangaza mji mzima kwamba ni upepo wa kupita, alikuwa amemwonya. Akahamia wodini na blanketi lake, akaziba dirisha, na muuguzi alipolifungua asubuhi, akaliziba tena.

Rumena alifika mchana mvua ikinyesha. Alikuwa ametoka shuleni moja kwa moja, alikokuwa akifunika mtambo kwa turubai kwa ajili ya baridi, na viatu vyake vilikuwa vinatoa sauti sakafuni. Alimkuta Mama Mkubwa wake mlangoni, anamfuata muuguzi nyuma kwa nyuma katika korido: "Binti, rudi hapa! Umesoma wapi wewe? Mlango wazi, dirisha wazi, unataka kumpeleka wapi huyu?"

Sauti ikaenda ikipungua. Živadin alikuwa amelala ubavu, mdogo kuliko kitanda. Rumena akavuta kiti, akaketi, na kama kila Jumapili hawakusema kitu. Mvua iligonga kioo. Aliwaza kumwambia mambo mengi, akaona kwamba yote anayajua.

Mzee alikuwa anaangalia chini, pembeni ya kitanda.

"Umelowa miguu," alisema.

"Kidogo tu, mjomba. Itakauka."

Mkono wake ukatafuta kifuani. Pajama la hospitali lilikuwa na mfuko mdogo, na humo mfukoni kulikuwa na pea ya soksi za buluu zenye mstari mweupe, kipimo cha mtoto wa miaka minne. Alizikunjua polepole, akazitenganisha, akaziweka kwenye kiganja cha mpwa wake.

Rumena alizitazama. Zilikuwa na joto.

"Hazinitoshi, mjomba."

"Basi ingiza vidole tu."